Namna ya kuandika wasifu wa Françoise d'Eaubonne kwa Kiswahili

Makala nyingi fupi kumhusu Françoise d'Eaubonne, mwandishi na mwanaharakati wa Ufaransa, zinafanana kama zimekatwa kwa kisu kimoja: alizaliwa Paris, akaandika vitabu vingi, mwaka 1974 akabuni neno écoféminisme, akafa. Sentensi inayofuata inaruka hadi India au Kenya na mwenyewe haonekani tena. Msomaji anabaki na neno mkononi, bila kujua kwamba linabeba hoja ya kuwa kuwatawala wanawake na kuiharibu ardhi vina chanzo kimoja. Mwongozo huu ni wa anayeandaa makala ya maneno 1,200 hivi, iwe ya kamusi elezo, jarida la chuo au darasa, na anataka hoja ya mwanamke huyu ieleweke kabla ya sifa zake.

Jina kwanza, kwa sababu ndipo makosa yanapoanzia

Françoise ina ç yenye mkia. Ukiandika c tupu, Mfaransa atasoma "Frankuaz". Kwenye simu bonyeza c kwa muda mpaka vitokee vivuli vyake. Kwenye kompyuta ya Windows shika Alt, andika 0231 kwa vitufe vya tarakimu vya upande wa kulia. É ndogo ni 0233. Jina zima husomwa "Fransuaz Dobon": herufi zote tatu za eau ni "o" tu, na e ya mwisho haisikiki.

Ritifaa ya d' inasumbua kama ile ya ng'ombe. Simu moja huweka ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda, ya tatu huipindua kabisa. Chagua aina moja tangu mwanzo hadi mwisho, la sivyo mtu akilitafuta jina hilo ndani ya ukurasa atapata nusu tu ya mahali lilipotajwa. Katika faharasa na orodha, jina hupangwa kwenye E: Eaubonne, Françoise d'. Maktaba za Ufaransa hufuata utaratibu huo, kwa hiyo ukimtafuta kwenye D unaweza kudhani hayumo. Katika nyaraka nyingine utakuta jina refu la ukoo, Piston d'Eaubonne. Ni yeye yule. Kuna pia mji unaoitwa Eaubonne, kaskazini ya Paris. Matokeo ya utafutaji yakikuletea ratiba za treni na habari za manispaa, ongeza Françoise.

Baada ya kulitaja jina kamili mara moja, endelea na "d'Eaubonne" au "mwandishi huyu". Usimwite Mama Françoise. Kwetu ni heshima, lakini kwa mwandishi aliyetetea maisha yake yote kwamba mwanamke asitambuliwe kwa kuzaa, jina hilo linamvisha nguo aliyoivua. "Marehemu" itoshe mara moja, au uiache.

Safu mbili kwenye karatasi moja

Kabla ya kuandika aya hata moja, chora safu mbili. Kushoto weka maisha yake, kulia weka sheria za Ufaransa. Kazi hii ni ya nusu saa na ndiyo itakayoiokoa makala, kwa sababu hoja zake nyingi zinaonekana za ajabu mpaka uone zilikuwa zinajibu nini.

Kushoto: 12 Machi 1920, anazaliwa Paris. Kulia: 31 Julai mwaka huohuo, Bunge linapitisha sheria inayokataza kutangaza njia za kuzuia mimba na kuchochea utoaji mimba. Nchi ilikuwa imepoteza vijana wengi vitani, na serikali ilitaka watoto. Mtoto huyu wa miezi minne atakua ndani ya sheria hiyo. Itakapolegezwa mwaka 1967, atakuwa na miaka 47.

Utoto wake aliupitia Toulouse, kusini. Baba yake alidhurika kwa gesi ya sumu katika Vita Kuu ya Kwanza. Mama yake alikuwa binti wa Mhispania. Vita vya pili vilimkuta kijana, na alianza kuchapisha mashairi na riwaya katika miaka hiyohiyo ya 1940. Kulia andika: 1944, wanawake wa Ufaransa wanapewa haki ya kupiga kura, wanapiga mara ya kwanza Aprili 1945. Kushoto: baada ya vita anaingia chama cha kikomunisti, anatoka katika miaka ya 1950. Mwaka 1951 anatoa *Le Complexe de Diane*, kumtetea Simone de Beauvoir, mwanafalsafa mfeministi ambaye kitabu chake cha 1949 kilikuwa kimemwagiwa matusi magazetini.

Endelea hivyohivyo. 1960: anatia saini Tamko la watu 121, lililotetea haki ya askari kukataa kupigana na Waalgeria. Angalia hapa: 121 ni idadi ya waliotangulia, orodha ikaendelea kurefuka na ikapita 240. Usiandike kwamba alikuwa "mmoja wa 121". Andika kwamba alilitia saini. Kulia, 1965: mke wa Kifaransa anaruhusiwa kufanya kazi na kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mume. Ndiyo, 1965. Sentensi hiyo iwe ndani ya makala, maana wasomaji wengi hudhani Ulaya ilikuwa imemaliza mambo haya zamani.

Mwaka 1971 utaijaza safu ya kushoto peke yake. Machi, yeye na wenzake wanavamia mkutano wa wapinga utoaji mimba katika ukumbi wa Mutualité wakiwa na soseji kubwa kavu mikononi kama marungu. Kundi hilo likapata jina la komando wa soseji. Mwezi huohuo wanaharakati wanavuruga kipindi cha redio kilichokuwa kikirushwa moja kwa moja, kikijadili mapenzi ya jinsia moja kama "tatizo chungu", na katika vuguvugu hilo linazaliwa FHAR, kundi la kimapinduzi la wapenzi wa jinsia moja, ambalo d'Eaubonne ni miongoni mwa waanzilishi wake. Tarehe 5 Aprili, jarida la *Le Nouvel Observateur* linachapisha Tamko la wanawake 343 wanaokiri hadharani kwamba wamewahi kutoa mimba, kosa la jinai wakati huo. Jina lake limo. Safu ya kulia inajibu Januari 1975, kwa sheria inayoruhusu utoaji mimba.

Waandishi wengine wa Kiswahili huiruka FHAR kwa kuhofia wasomaji. Ukiiruka, makala inapata tundu: haielezi kwa nini mtu wa miaka 51 alikuwa katikati ya vijana wa miaka 25, wala kwa nini aliona familia, uzazi na mamlaka ya mume kuwa kitu kimoja. Andika "wapenzi wa jinsia moja", sentensi mbili, uendelee.

Usome nini, na kwa mpangilio upi

Aliandika makumi ya vitabu: mashairi, riwaya, wasifu wa washairi Rimbaud na Verlaine, historia, insha. Usijaribu vyote. Anza na *Le Féminisme ou la mort*, kilichotolewa na Pierre Horay mwaka 1974, lakini usianze na ukurasa wa kwanza. Anza na sehemu ya tatu, ambayo ndiyo hasa inazungumzia wakati wa écoféminisme, halafu rudi sehemu ya kwanza. Anayeanza mwanzoni hukutana na kurasa nyingi za ubishi wa Paris wa miaka hiyo, majina yasiyo na maelezo, na hukata tamaa kabla ya kufika penye uzito.

Kitabu kilichapishwa upya mwaka 2020, miaka 100 tangu azaliwe, na Le passager clandestin. Toleo hilo lina utangulizi mpya wa Myriam Bahaffou na Julie Gorecki, nao ni wa kusomwa kwa makini kwa sababu unamkosoa kama unavyomtambulisha. Tafsiri kamili ya Kiingereza ilitoka 2022. Yaani miaka 48 baadaye. Jambo hili litakusaidia chini.

Kitabu cha pili ni *Écologie/féminisme* cha 1978, kifupi na chenye mpangilio zaidi. Cha tatu, ukipata, ni kumbukumbu zake, *Mémoires irréductibles*, za 2001. Kwa muhtasari wa maisha na mawazo, Caroline Goldblum ametoa kitabu kidogo mwaka 2019. *Les Femmes avant le patriarcat* cha 1976 kiache hadi mwisho, na ukisome ukiwa umeshika kalamu nyekundu; sababu inakuja.

Msomaji wa Bukavu, Goma, Lubumbashi au Bujumbura ana bahati hapa: Kifaransa cha shule kinamfikisha kwenye kitabu chenyewe, na Kiswahili anacho. Mwandishi wa Tanga au Mombasa asiye na Kifaransa afanye kazi na mtu wa namna hiyo badala ya kutegemea mashine ya kutafsiri. Mashine husoma grève du ventre, yaani mgomo wa kuzaa, na kukupa mambo ya njaa. Maktaba za Alliance Française, Nairobi na Dar es Salaam, ni mahali pa kuulizia vitabu vyenyewe.

Maneno: hapa ndipo kazi ilipo

Patriarcat usihangaike nayo: ni mfumo dume, neno limeshazoeleka hata kwenye mikutano ya vijiji.

Écoféminisme lina wagombea watatu. "Ufeministi wa mazingira" linaeleweka haraka, lakini kwetu mazingira yamekuwa kufagia, kupanda miti na kuokota plastiki, na msomaji ataona wanawake wenye majembe wakipigwa picha siku ya tarehe 5 Juni. "Ekofeminizimu" linabeba sauti bila maana. Tunapendekeza "ufeministi wa ikolojia": ikolojia inahusu viumbe na mahali vinapoishi vinavyotegemeana, na hoja yake ni ya kutegemeana. Litaje neno la Kifaransa mara moja, kisha ushikilie la Kiswahili.

Grève du ventre, kwa neno ni mgomo wa tumbo. Ukiandika hivyo, msomaji ataelewa mgomo wa kula. Andika "mgomo wa kuzaa". Kila mahali anaposema ventre kwa maana hii, tumia "uzazi" au "tumbo la uzazi". Tumbo tupu kwa Kiswahili ni njaa na ulafi.

Féminitude ni neno lililofinyangwa kwa mfano wa négritude (fahari ya kuwa mweusi, neno la waandishi weusi wa Kifaransa), na sehemu ya kwanza ya kitabu inalitumia sana. Usitafsiri "uke", maana kila zahanati inajua uke ni kiungo. "Ukike" linapita, au "hali ya kuwa mwanamke" ukiwa na nafasi.

Révolution na mutation anazitofautisha kwa makusudi. Ya kwanza ni mapinduzi, na kumbuka kwamba kwa msomaji wa Zanzibar neno hilo lina mwaka wake na likizo yake. Mutation ni mgeuko: kubadilika kwa kitu chenyewe, siyo kwa anayekikalia. Ukitumia "mabadiliko" umeipunguza makali; neno hilo limechoshwa na hotuba.

Sasa sentensi ya mwisho ya hoja yake, ambayo huenda utaitaka katika makala: *Et la planète mise au féminin reverdirait pour tous.* Maneno machache, mitego minne.

Mise au féminin ni lugha ya darasa la sarufi. Mwalimu wa Kifaransa humwambia mwanafunzi aliweke neno "katika jinsia ya kike", na neno planète lenyewe ni la kike tayari. Kiswahili hakina hesabu hiyo: sayari, jiwe na mbu hatuwagawi kwa kike na kiume, tuna ngeli. Mchezo unapotea, hakuna namna. Eleza kwa sentensi moja kisha usonge mbele. Reverdirait ina re-, kurudia: siyo kuwa kijani, ni kurudi kuwa kijani baada ya kuchakaa, na kuchipua kwetu kunabeba hilo vizuri. Kisha -rait ni sharti. Wengi huandika "itachipua", wakageuza sharti kuwa ahadi ya kampeni. Tunayo -nge-, itumie. Mwisho, pour tous ni kwa wote, wanaume wamo. Anayeandika "kwa wanawake wote" ameipindua hoja nzima.

Tumefika hapa: "Nayo sayari, lau ingewekwa katika jinsia ya kike, ingechipua upya kwa ajili ya wote." Tulijaribu "dunia" mahali pa sayari, tukaiacha, kwa kuwa dunia ya Kiswahili ni pamoja na walimwengu na hila zao.

Aya ya hoja

Ipe maneno 350 kati ya 1,200. Hii ndiyo aya ambayo makala nyingi hazina.

Anza na rutuba mbili: ya ardhi na ya uzazi. D'Eaubonne anadai kwamba zamani za mwanzo wa kilimo wanaume walizishika zote mbili. Waligundua sehemu yao katika kutunga mimba, na kilimo kilichokuwa mikononi mwa wanawake kikahamia kwao. Tangu hapo kila rutuba ikaendeshwa kama mali: zaa zaidi, zalisha zaidi. Matokeo ya kwanza ni wanawake waliochoshwa na idadi ya watu inayopanda. Ya pili ni udongo, maji na misitu iliyochoshwa. Kwake hayo si matatizo mawili yaliyokutana njiani. Ni mkono mmoja.

Kutoka hapo anageukia siasa. Ubepari anaulaumu, ila hausamehi ujamaa wa Ulaya Mashariki, ambao nao ulichafua mito na kuacha mamlaka kwa wanaume walewale. Kwa Kiswahili cha stendi: dereva kabadilishwa, gari ni lile lile na breki hazipo. Ndiyo maana anataka mgeuko. Hatua ya kwanza anayoitaja ni wanawake kurudishiwa uamuzi juu ya miili yao: kuzuia mimba, kutoa mimba, kukataa kuzaa kwa amri. Rudi kwenye safu yako ya kulia. Anaandika mwaka 1974, sheria ya Januari 1975 haijapita.

Kisha sentensi moja ambayo haina budi kuwemo: hataki wanawake watawale. Anakataa utawala wa kina mama kwa maneno ya wazi. Anachotaka ni wanawake waivunje mamlaka yenyewe, dunia iendeshwe kwa usawa.

Kosa kubwa kuliko yote hutokea hapa, nalo lina ladha tamu kwa Kiswahili. Mwandishi akishaandika "ardhi" na "mwanamke" karibu karibu, kalamu inamteleza: ardhi ni mama, mwanamke ni mlezi, basi mwanamke kwa asili yake hulinda mazingira. Kuna wafeministi wa ikolojia waliosema hivyo, wengine kwa ufundi mkubwa. D'Eaubonne hoja yake ni ya nani alishika nini na lini, na aliyetaka mgomo wa kuzaa hawezi kugeuzwa msemaji wa umama. Ukikuta "Mama Dunia" katika rasimu yako, futa.

Fessenheim kwa sentensi tano

Tarehe 3 Mei 1975 milipuko ilitokea katika kituo cha nyuklia cha Fessenheim, Alsace, kando ya mto Rhine, kilipokuwa bado kinajengwa. Ujenzi ulicheleweshwa kwa miezi. Waliodai kuhusika walijiita kwa majina ya Ulrike Meinhof, Mjerumani aliyekuwa gerezani, na Puig Antich, mwanaanarkia wa Catalonia aliyenyongwa na serikali ya Franco mwaka 1974. D'Eaubonne, wakati huo ana miaka 55, alikuja kusimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake kwamba alishiriki. Kituo kilianza kazi 1977 na kikafungwa 2020.

Tumia kitenzi "alishiriki". "Alilipua kituo" inampa kazi ya kikundi na kuufanya mtambo uonekane ulikuwa unafanya kazi, kana kwamba kulikuwa na hatari ya mionzi. Usilifute tukio hili ili apendeze, wala usilifanye kichwa cha habari. Mwaka 1978 alitoa kitabu kizima kutetea nguvu dhidi ya dola, kwa hiyo si jambo lililompitia kwa bahati mbaya.

Riwaya

Taja *Le Satellite de l'Amande* (1975), ambamo wanawake wa ulimwengu usio na wanaume wanakwenda kuchunguza sayari ngeni, na *Les Bergères de l'Apocalypse* (1978), inayosimulia vita vilivyoufikisha ulimwengu huo hapo. Sentensi tatu zinatosha. Mtego ni mmoja: kuchukua vita vya riwaya na kuviandika kama mpango wake wa siasa. Insha ni insha, riwaya ni riwaya. Anayezichanganya humfanya mwandishi aseme anataka wanaume wafe.

Ukosoaji, nao uwe wa kweli

Kuna mambo matatu ya kuandika, na hayana uzito sawa.

Zito zaidi ni idadi ya watu. Alikuwa anaandika dunia ikikaribia watu bilioni 4, miaka miwili baada ya ripoti ya Klabu ya Roma ya 1972 iliyoonya kwamba ukuaji una mipaka, na aliliweka ongezeko la watu mbele kabisa ya hatari. Alilaumu mfumo dume, hakuwalaumu wanawake maskini. Lakini lugha ya "watu wamezidi" imetumika sana kuelekeza kidole kwa Afrika na Asia, huku ulaji wa nchi tajiri ukikaa pembeni. Msomaji wetu ataliona hilo mwenyewe ukurasa wa kwanza. Ukinyamaza, atadhani hukuliona.

La pili ni historia ya kale. Madai kwamba jamii za kabla ya mfumo dume zilikuwa hivi na vile, yanayojaa katika kitabu cha 1976, wanaakiolojia wengi hawayakubali kwa ushahidi uliopo. Ndiyo ile kalamu nyekundu. Andika "anadai", "kwa maoni yake", usiandike "wanaume walichukua" kama vile kuna aliyepiga picha. Uangalifu huohuo uwe nao ukigusa kitabu chake cha 1999 kuhusu mauaji ya wachawi wa Ulaya: mtandaoni inazunguka idadi ya wanawake milioni 9, iliyotokana na hesabu mbovu ya karne ya 18. Wanahistoria leo hukadiria waliouawa kuwa kati ya 40,000 na 60,000, wengi wao wanawake.

La tatu: "wanawake" wa kitabu chake mara nyingi ni kundi moja lisilo na tajiri wala maskini, na analinganisha hali yao na ya waliotawaliwa kirahisi mno. Utangulizi wa 2020 unalijadili. Lifupishe kwa maneno yako.

Wangari Maathai: mahali pake

Utataka kumtaja, na wahariri watakuomba. Fanya kwa uangalifu. Green Belt Movement, vuguvugu lake la kupanda miti, ilianza mwaka 1977, ikitoka ndani ya Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya, kwa sababu za Kenya: kuni zimekuwa mbali, vijito vimekauka, udongo unasombwa. Haikutoka Paris. Sentensi ya "mawazo ya d'Eaubonne yalienea hadi Kenya" ni ya uongo hata ikisikika vizuri. Kumbuka ile miaka 48: nje ya wasomaji wa Kifaransa, kitabu chake hakikusomwa kikamilifu mpaka juzi. Ufeministi wa ikolojia uliokuja kujulikana Marekani na India katika miaka ya 1980 na 1990 ulikua kwa mizizi yake, mara nyingi ukimtaja kwa sentensi moja ya heshima. Ukitaka kuwaweka pamoja, walinganishe: mmoja alianza na hoja, mwingine na mche.

Kupima maneno na kuandika

Kwa makala ya 1,200: utangulizi 80, maisha hadi 1968 maneno 200, miaka ya 1968 hadi 1975 maneno 250, hoja 350, Fessenheim 80, riwaya 80, ukosoaji 160. Maathai akiingia, mtolee nafasi kwenye ukosoaji, asiibe kwenye hoja.

Sentensi ya kwanza iwe na tarehe, nchi, kazi na kitabu, bila "gwiji" wala "mwanamama shupavu". Kwa mfano: "Françoise d'Eaubonne (Paris, 12 Machi 1920 – Paris, 3 Agosti 2005) alikuwa mwandishi na mwanaharakati wa Ufaransa, ambaye katika kitabu chake cha 1974, *Le Féminisme ou la mort*, alitumia neno écoféminisme na kudai kuwa kuwatawala wanawake na kuiharibu ardhi vina chanzo kimoja." Kuhusu jina la kitabu, "Ama ufeministi ama kifo" lina mapigo ya kaulimbiu za mapinduzi ya Ufaransa ambazo mwandishi anazicheza, "Ufeministi au kifo" ni sahihi lakini limelala. Utakuta mahali pengine 1972 inatajwa kuwa mwaka wa neno hilo, kwa sababu ya kituo cha Écologie-Féminisme alichohusika nacho. Baki na 1974, mwaka wa chapisho.

Ukimaliza, msomee mtu ambaye hajawahi kumsikia, kwa sauti, bila kusimama kueleza. Halafu muulize alisema nini kuhusu ardhi na uzazi. Akijibu "kwamba wanawake wanapenda miti," rudi kwenye zile 350.